Mcheza kwao hutunzwa, ila wetu hawachezi kwao

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, kwa waandaaji wa Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, na kwa walimu wakuu na bodi za usimamizi za shule za sekondari nchini Kenya

Novemba 2025

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya mseto, ya bweni na ya kutwa, kaunti ya Kilifi, na huu ni mwaka wangu wa tisa kuwa mlezi wa chama cha drama. Ulezi wenyewe nilipewa kwa kuwa siku majukumu yalipogawanywa nilichelewa mkutanoni, nikakuta walionitangulia wamekwisha kujichagulia skauti na kilimo. Sijutii. Nalitaja hilo msije mkadhani anayewaandikia ni msanii mwenye kinyongo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali la mama mmoja anayeuza mahamri na viazi karai karibu na lango letu. Binti yake yuko kidato cha tatu, anatoka nyumbani kila siku, na mwaka huu ndiye aliyebeba mchezo wetu mabegani. Kwa wiki tisa, tangu Januari, mama huyo alikuwa akifunga biashara yake jioni na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimngoja mtoto amalize mazoezi waende pamoja, maana giza likiingia njia ile si ya msichana kupita peke yake. Alizisikia kelele kutoka bwaloni. Alimsikia binti yake akilia kwa sauti ya mtu mzima, akicheka, akimfokea mhusika mwenye kufuli. Jioni moja ya Februari akaniuliza, "Mwalimu, huu mchezo mimi nitauona lini?"

Nikamjibu, "Tukifika mbali, mama, huenda ukaonyeshwa."

Hatukufika mbali, na yeye hakuuona.

Ngazi za tamasha mnazijua kuliko mimi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha taifa, na washindi wa taifa hualikwa kumchezea Rais. Sisi tulipita kaunti ndogo, tukaangukia kaunti. Siku hiyo ya kaunti ratiba ilituweka wa kumi na saba. Tulifika asubuhi, watoto wakala mkate na soda, wakapakwa rangi usoni, rangi ikayeyuka kwa jua, wakapakwa tena. Tuliitwa saa kumi na moja na robo. Ukumbi ulikuwa bwalo la shule mwenyeji. Mbele waliketi waamuzi watatu, wamechoka, vichwa vyao vimeinamia karatasi. Nyuma walikuwapo wavulana wa shule iliyokuwa ikitufuata, wamevaa maleba yao, macho kwetu lakini midomo inakariri maneno yao wenyewe. Dirishani wapishi wawili walikuwa wameegemea. Wapishi hao ndio waliocheka pale tulipotaka watu wacheke, na ndio walionyamaza pale tulipotaka kimya. Ninawashukuru hadi leo.

Tulipomaliza tuliwahi basi, kwa sababu wanafunzi hawaruhusiwi kusafirishwa usiku, na hilo silipingi. Matokeo yalitukuta barabarani, kwa simu. Waliolia walilia. Keshoye nililifunga sanduku la maleba na kulisukuma nyuma ya ghala, kando ya magodoro mabovu.

Hivyo ndivyo mchezo wa shule unavyoishi na kufa katika nchi hii. Wiki tisa za kazi, maonyesho mawili mafupi, yote mawili mbele ya watu waliokuja kutoa alama au kungojea zamu. Wanafunzi wenzao, zaidi ya mia nne, walikuwa darasani. Wazazi walikuwa makwao. Mchezo ulihusu kisima cha kijiji ambacho mtu mmoja amekitia kufuli akauza maji kwa mtungi, na hakuna hata mnunuzi mmoja wa maji aliyeuona.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa, na huku pwani kutunzwa ni jambo la kushikika kwa mkono. Mchezaji akiwapendeza watu, mtu huinuka, huingia uwanjani, humbandika noti kwenye paji la uso, au humfunga leso kiunoni, au humnyunyizia marashi. Anayetuza ni shangazi, ni jirani, ni yule aliyemjua mchezaji tangu akitambaa. Tuzo hiyo haina nafasi ya kwanza wala ya pili, na haimnyimi mwingine kitu. Sisi tumeichukua sanaa ya watoto tukaiondoa uwanjani kwao, tukaipeleka kilomita tisini ikatuzwe na wageni kwa cheti.

Najua mtasema tamasha limeizaa nchi hii waigizaji, watangazaji na wachekeshaji wengi. Ni kweli. Sina ugomvi na mashindano. Tamasha la drama lipo tangu 1959 na lile la muziki lilianza 1927. Yamedumu kuliko vyama vingi vya siasa, na yanaingia vijijini mahali ambapo ukumbi wa tamthilia haupo na hautakuwapo karibuni. Ninachosema ni kwamba mashindano yalipaswa kuwa kilele cha mwaka, nasi tumeyageuza kuwa mwaka wote. Shule ya Alliance, katika zama za ukoloni, mwalimu mkuu akiwa Carey Francis, ilikuwa ikicheza Shakespeare mwaka baada ya mwaka. Lugha ilikuwa ya mkoloni na hadithi zilikuwa za wafalme wa Uingereza, tunaweza kubishana juu ya hilo hadi asubuhi. Hata hivyo wavulana wale walikuwa na kitu ambacho wanafunzi wangu hawana: walicheza shuleni kwao, na wenzao walioketi kwenye viti walijua kwamba malkia yule ni fulani wa bweni lao.

Wala msiniambie kwamba haiwezekani kukusanya wanafunzi bwaloni kutazama mchezo, kwa sababu mnafanya hivyo kila muhula wa pili. Vikundi vya waigizaji huja kutoka Mombasa na Nairobi kutuigizia tamthilia ya kutahiniwa. Kila mwanafunzi hulipa, shule jirani huletwa kwa mabasi, bwalo hujaa mpaka madirishani. Sidhani kama kuna mahali pengine nchini panapojaa watazamaji wa tamthilia namna hiyo, katikati ya wiki, mchana. Siku hiyo vipindi husimama na hakuna anayelalamika kwamba silabasi itabaki nyuma, kwa kuwa mchezo huo uko kwenye mtihani. Watoto wangu waliwatazama waigizaji hao mwezi wa Juni. Binti wa mama wa mahamri akaninong'oneza, "Mwalimu, sisi tulikuwa wazuri kuliko wao." Alitia chumvi, lakini si nyingi.

Kuna jambo la saa pia. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015, mlizoziandika wenyewe, zimepanga siku ya shule. Vipindi vinaisha saa tisa u nusu. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa shughuli zisizo za darasani: michezo, vyama, muziki, drama. Saa moja na robo kila siku kwa mujibu wa sheria. Nani kati yenu ameiona saa hiyo kwa macho? Kwetu imemezwa na masomo ya ziada. Mazoezi ya mchezo wa kisima tuliyafanya baada ya hapo, kwenye dakika za kuoga na kula, na wa kutwa wakachelewa kurudi makwao. Ndiyo maana mama yule alikuwa juu ya ndoo.

Niseme kidogo juu ya nani anaandika. Mchezo wetu uliandikwa na wanafunzi wanane wa vidato vya pili na tatu (mwaka huu hatukuwa na kidato cha kwanza, kama mjuavyo, kwa ajili ya mabadiliko ya mtaala, na ilibidi mtoto wa kijiji aigizwe na mvulana mwenye ndevu za kwanza). Mimi nilisahihisha Kiswahili na kukata maneno yaliyorudiwa. Kuna sehemu zilizopwaya. Kuna shule tulizokutana nazo zilizokuwa na mswada wa kununuliwa, mwelekezi wa kukodi aliyelala kwenye nyumba ya wageni kwa mwezi mzima, na mandhari yaliyosafirishwa kwa lori: kuta, milango, ngazi, hata paa. Michezo yao iling'aa. Sizilaumu, zinacheza mchezo kwa kanuni zilizopo, na mwalimu mkuu mwenye kombe ana la kusema siku ya wazazi. Lakini mwamuzi aliposoma maoni yake akasema mandhari yetu yalikuwa hafifu. Mheshimiwa mwamuzi, mandhari yetu yalikuwa ndoo nne, kamba na kufuli. Ndivyo kisima kilivyo. Fedha za serikali kwa mwanafunzi wa kutwa zimeandikwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na kila mwalimu mkuu anajua zinavyofika: kwa vipande, kwa kuchelewa, na si zote. Katika hizo ukitoa mafuta ya basi na chakula cha safari, hakuna paa la kukodi.

Mtu mzima anapouandika mchezo wa watoto, mabishano ya watu wazima huingia nao jukwaani, na watoto ndio wanaolipa. Hapo siwezi kuipita Nakuru, palipofanyika tamasha la taifa mwaka huu. Mwaka 2013 mchezo wa shule ya wasichana ya Butere Girls ulizuiwa, hadi Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Miaka kumi na miwili baadaye shule ileile, mwandishi yuleyule, kisa kilekile: mahakama ikaamuru wasichana waruhusiwe kushiriki, mwandishi, aliyekuwa seneta, akakamatwa, na asubuhi ya tarehe 10 Aprili mwaka huu polisi wakarusha vitoa machozi katika Shule ya Kirobon Girls kuwatawanya waliokuja kutazama. Wasichana walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka.

Mengi yalisemwa kuhusu siasa za mchezo ule. Nina maoni yangu kuhusu wanasiasa kuwaandikia watoto maneno ya kusema, na si maoni mazuri. Lakini siku ile, nikitazama picha kwenye simu katika chumba cha walimu, kilichonikaa moyoni kilikuwa viti. Wasichana wale walikuwa wamefanya mazoezi kwa miezi, kama wetu, na jukwaa walilopewa mwishoni lilikuwa halina watu wao. Mlishtuka, na nchi ikashtuka. Mimi nikajisemea kwamba sisi wengine hucheza mbele ya viti vitupu kila mwaka, bila polisi, na hakuna anayeandika gazetini.

Sasa nije kwenye ngoma, maana hapa ndipo ninaposhindwa kabisa kuwaelewa.

Mbali na mchezo, mwaka huu tulikuwa na ngoma bunifu ya kitamaduni. Tuliijenga juu ya mwanzele, ngoma ya asili ya Wamijikenda. Bibi mmoja wa kijiji cha jirani alikuja mara tatu kuwafundisha, bila malipo, akataka tu asafirishwe kwa pikipiki na asiambiwe akae kwenye kiti. Aliwafundisha kwamba bega linatangulia, kwamba mguu hauruki, unaichokoza ardhi. Wavulana walipiga kayamba na ngoma, mmoja akajifunza chivoti, filimbi yetu ya asili, kwa wiki mbili akawa anaipuliza hata chooni. Wasichana walivaa hando, sketi ya asili ya marinda. Walicheza vizuri mno, na waamuzi waliwasifu kwa mwili mwepesi na kwa kujiachia. Neno hilo, kujiachia, limeandikwa kwenye karatasi ya maoni, ninayo. Afisa mmoja wa elimu aliinuka kabisa na kuingia kucheza nao, tai ikiruka begani, na watu wakamshangilia.

Mwezi wa Juni wanafunzi haohao waliomba fanki. Kwa msiomjua mtoto wa siku hizi, fanki ni mkutano wa wanafunzi wa shule mbili au tatu, muziki upigwe, watu wacheze, waonane, warudi. Wazee wetu walikuwa na jina jingine lakini jambo ni lile. Waliandika ombi zuri, kwa Kiswahili sanifu (niliona fahari), wakapendekeza Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na moja, taa hazihitajiki, walimu sita, mageti yamefungwa, shule moja tu ya jirani ialikwe. Wenye kucheza santuri walikubali bei ya chini. Mwalimu mkuu alisita, akakubali. Siku mbili kabla, bodi ikafuta. Sababu iliyoandikwa: nidhamu.

Jumamosi hiyo waliwashiwa televisheni bwaloni. Usiku, kumi na mmoja waliruka ua.

Mnajua walikoenda, na kama hamjui niwaambie, kwa sababu mtu wa Kilifi hawezi kuandika barua kuhusu vijana na ngoma akaliacha hili. Walikwenda disko matanga. Kuna msiba, kuna jenereta, kuna spika kubwa kama kabati, muziki unapigwa hadi alfajiri ili michango ya mazishi ipatikane, na watoto wa shule wamo humo gizani pamoja na watu wazima waliolewa. Wakuu wa utawala wamelipiga marufuku disko hilo mara chungu nzima. Machifu huimba marufuku hiyo kwenye kila baraza. Mimba za wanafunzi wetu, si zote, lakini si chache, zilianzia huko. Sasa mpime wenyewe: saa tatu za mchana chini ya macho ya walimu sita ni utovu wa nidhamu, kwa hiyo tuliwaachia usiku mzima bila macho ya mtu.

Naielewa hofu ya walimu wakuu. Likitokea jambo, anayehamishwa ni mwalimu mkuu, anayeitwa kituoni ni mwalimu mkuu, anayetukanwa kwenye makundi ya wazazi ni mwalimu mkuu. Shule zimechomwa, mabasi yamepinduka. Mtu mwenye mzigo huo akisema hapana, simwiti mwoga. Na kuna fanki zilizoharibika kweli, mimi mwenyewe niliisimamia moja mwaka wa pili wa ulezi wangu ambapo pombe iliingizwa ndani ya chupa za sharubati, tukalala kituo cha afya na mtoto mmoja anayetapika. Baada ya hapo tulijifunza: maji hutolewa na shule, chupa ya mtu haiingii. Fanki mbili zilizofuata hazikuwa na neno.

Lakini ombi la wanafunzi linapofutwa siku mbili kabla, bila hata mjumbe mmoja wa bodi kuja kuzungumza nao, wanafunzi husoma jambo ambalo hamkukusudia kuandika. Mwili wao ukicheza mbele ya wakubwa ili shule ipate kombe, huo ni utamaduni na mtu wa tai anaingia kucheza. Mwili uleule ukicheza kwa furaha yake, huo ni uhuni. Mmoja wao aliniuliza hivi hivi, "Kwani mwalimu, kiuno ni cha shule?" Nilimkaripia kwa lugha yake. Jibu sikuwa nalo.

Muhula wa tatu sina la kuusimulia, kwa kuwa hakuna kinachoruhusiwa. Tangu 2016, waziri wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipopiga marufuku ziara za wazazi, siku za maombi na shughuli za burudani katika muhula wa mtihani ili kuukomesha wizi wa mitihani, muhula huo umekuwa kama karantini. Wizi wa mitihani ulikuwa donda, na dawa kali ilihitajika. Nauliza tu kama mwanafunzi wa kidato cha pili, asiye na mtihani wowote wa taifa, naye alikuwa mgonjwa.

Kuna kitu nilikiona wiki iliyopita, na huenda nikaulizwa kwa kukitaja. Kundi moja la watahiniwa wetu lilimaliza karatasi yake ya mwisho ya KCSE alasiri. Walirudisha vitabu, wakafunga masanduku. Kisha wakaenda nyuma ya jiko, kwenye mwarobaini, wakamwomba bawabu simu yake, wakaiweka ndani ya sufuria kubwa ya ugali ili sauti iongezeke, wakacheza. Wavulana kwa wasichana, na sare zao, kwa kama nusu saa. Katikati ya nyimbo za siku hizi mtu akaanza kupiga kayamba kwa kifuniko, na wale wa ngoma yetu wakaingia mwanzele, bega likitangulia kama bibi alivyowafundisha. Wapishi walitoka kutazama. Mpishi mmoja akavua leso yake akamfunga msichana kiunoni.

Nilikuwa mwalimu wa zamu. Sikuwazuia.

Januari mnaingiza Gredi ya 10, kundi la kwanza la Sekondari Pevu. Mmechora mikondo mitatu, na mmoja wake ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo mwanafunzi anaweza kusoma Muziki na Dansi, au Tamthilia na Filamu, kama somo kamili. Nimefurahi, nimesoma muundo wa somo hilo, ni mzuri. Ila naogopa kwamba tutalifanya kama tulivyolifanya tamasha. Tutampa mtoto alama kwa kucheza, naye hatacheza mbele ya mtu yeyote ampendaye. Shule nyingi za hadhi ya chini, kama yetu, hata mkondo huo hazitaupata, kwa hiyo drama kwetu itabaki chama cha jioni chenye mlezi aliyechelewa mkutano.

Ninayoomba si ya fedha nyingi.

Wekeni kwenye kanuni za tamasha kwamba shule haisajili mchezo wala ngoma kabla ya kuvionyesha nyumbani, mbele ya wanafunzi wake na wazazi, angalau mara moja. Mwalimu mkuu atie sahihi kwamba onyesho hilo lilifanyika. Mnadai sahihi zake kwa mambo madogo kuliko hilo. Ninaamini kanuni hiyo peke yake itapunguza miswada ya kununuliwa, kwa sababu mchezo uliotoka dukani ukichezwa mbele ya mama mzazi, atauliza ni nani anayesema humu, maana si mwanangu.

Irudisheni saa moja na robo iliyo kwenye sheria. Hii ni ya walimu wakuu, na wakaguzi waje saa kumi jioni badala ya saa nne asubuhi.

Kuhusu fanki, bodi isiseme ndiyo wala hapana kabla ya kuketi na wanafunzi walioomba. Mkikataa, mkatae mkiwatazama usoni. Mkikubali, nitawapa karatasi ya taratibu tulizojifunza, pamoja na ile ya chupa.

Na waandaaji wa ngazi ya kaunti: shule mwenyeji ifungue geti lake kwa wanakijiji. Viti vipo. Tulipocheza sisi vilikuwa vingi.

La mwisho ni langu binafsi. Binti yule ataingia kidato cha nne, na mnajua kidato cha nne kinavyofungwa. Nimeiandikia bodi yetu kuomba Ijumaa moja ya Februari, kuanzia saa kumi jioni, bwaloni, ili mchezo wa kisima uchezwe hapa shuleni, pamoja na mwanzele, kabla ya kidato cha nne kuondolewa kwenye vyama. Hiyo ni barua ya tatu. Mbili za kwanza hazijajibiwa. Naomba jibu kabla ya shule kufunguliwa, kwa kuwa viti vya plastiki vya mtaani hukodishwa mapema, bibi wa mwanzele anataka ajulishwe siku ili asipokee kazi nyingine, na mama wa mahamri ameshaniambia kwamba siku hiyo atakuja na karai lake ndani ya geti.

Wenu,

Mlezi wa chama cha drama
Kaunti ya Kilifi